Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya Kigoma: Mtoki wa Mwenye VVU Uchukuliwe Kinyama cha Kupimwa

KWA: Viongozi na wataalamu mnaosimamia huduma za afya mkoani Kigoma, ngazi ya mkoa na halmashauri

NAKALA: Waratibu wa UKIMWI na wa Kifua Kikuu, wadau wanaofadhili kliniki za tiba na matunzo (CTC), Konga (miungano ya vikundi) za watu wanaoishi na VVU (WAVIU)

YAH: WATU WANAOISHI NA VVU KUTIBIWA TB KWA MIEZI KADHAA ILHALI WANA SARATANI YA MITOKI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika hadharani kwa kuwa njia za ndani tumezimaliza. Jambo hili limesemwa kwenye vikao, limeandikwa kwenye taarifa za kliniki, na limerudiwa kila wasimamizi walipokuja kutembelea vituo. Jibu limekuwa lile lile: "Tumelipokea, linafanyiwa kazi." Hatutaji kituo wala mtumishi humu, maana tatizo si la zamu moja wala la daktari mmoja. Ni la mpangilio, na anayeweza kubadili mpangilio ni ninyi.

Kwa faida ya wasomaji wasio wa fani hii: limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za kinga ziitwazo limfosaiti. Mara nyingi hujitokeza kama mitoki (tezi za kinga zilizovimba) shingoni, juu ya mtulinga, kwapani au kinenani, ingawa huweza kuanzia tumboni, kwenye ufizi, kwenye ubongo au ndani ya uboho wa mifupa. VVU huiandalia njia kwa namna mbili. Kwanza hudhoofisha ulinzi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo mwilini tangu utotoni. Pili, huzichochea chembe B (aina mojawapo ya limfosaiti) zigawanyike mfululizo kwa miaka, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kosa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeziweka limfoma kali za chembe B kwenye hatua ya 4 ya ugonjwa wa VVU.

Dawa za ARV zimeupunguza ugonjwa huu, hazijaufuta. Limfoma ya ubongo huwapata zaidi wenye CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 50, lakini limfoma za aina ya Burkitt na Hodgkin huwapata pia watu wenye CD4 zaidi ya 200. Na miezi ya mwanzo baada ya kuanza ARV ni kipindi cha hatari, si cha kutulia. Kwa hiyo ile kauli tunayoisikia vyumbani mwa daktari, "CD4 yake ni nzuri, hii haiwezi kuwa saratani", haina msingi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kila mtoki unaitwa TB

Mgonjwa wa CTC anafika na uvimbe shingoni, homa za jioni, jasho la usiku la kulowanisha shuka, na amepungua uzito. Hizo ni dalili za TB ya tezi. Ni dalili za limfoma vilevile, neno kwa neno. Kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, homa na jasho la usiku ndizo dalili ambazo madaktari wa saratani huziuliza kwanza. Kwa macho na kwa mkono peke yake, hakuna bingwa anayeweza kuapa kwamba huu ni TB na ule ni limfoma.

Kinachofanyika ni nini? Makohozi yanapimwa, GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya TB) inasema hakuna TB, picha ya kifua haina jambo, na mgonjwa anaanzishwa dawa za TB "kwa maamuzi ya daktari". Hatupingi maamuzi hayo. Mwongozo unayaruhusu, na TB inaua WAVIU wengi kuliko limfoma. Tunachopinga ni kwamba uamuzi huo hauna tarehe ya kujihoji. Mgonjwa anapewa miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili, na hakuna siku iliyoandikwa kwenye faili kwamba siku hii tutapima mtoki kwa rula, tutampima uzito, na kama mambo yanaenda kombo tutachukua kinyama, yaani kipande cha mtoki cha kupimwa maabara.

Tunajua hoja ya upande wa pili: TB ya tezi yenyewe huweza kuvimba zaidi wiki za kwanza za dawa, hasa kinga inapoamka baada ya ARV. Ni kweli. Ndiyo sababu ukubwa wa mtoki pekee hautoshi kuamulia, na ndiyo sababu nyama inahitajika. Kadhalika kipimo cha mkojo cha TB-LAM kikiwa chanya kinaonyesha kwamba mwilini kuna TB. Hakisemi kwamba uvimbe wa shingoni ni TB. Magonjwa haya mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Dawa za TB zisizohitajika si maji. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huishusha mwilini dolutegraviri, dawa ya VVU, kiasi kwamba anayetumia TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegraviri ndani yake) lazima aongezewe kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Anayesahauliwa kuongezewa, wingi wa VVU unaweza kupanda akiwa anameza dawa zake kwa uaminifu. Kisha analaumiwa.

2. Prednisoloni inatolewa kabla ya kinyama

Hili ni fupi lakini ndilo linaloharibu zaidi. Mtu ameanza ARV, mtoki umevimba baada ya wiki chache, anaambiwa ni kinga inaamka, anapewa prednisoloni. Mtoki unasinyaa, homa inakatika, kila mtu anafurahi. Prednisoloni ni mojawapo ya dawa zinazotibu limfoma. Kwa hiyo limfoma nayo husinyaa kwa muda. Kinyama kikichukuliwa wakati huo huonyesha chembe zilizokufa na makovu, jibu linarudi "haikuonekana saratani", na baada ya miezi miwili uvimbe unarudi mkubwa kuliko mwanzo. Deksamethasoni ni hivyo hivyo. Asipewe mgonjwa mwenye mtoki usiojulikana hadi nyama iwe kwenye chupa, isipokuwa uvimbe unamziba pumzi au kuna dharura ya ubongo, na hapo iandikwe kwenye fomu tarehe aliyoanza na kipimo alichopewa.

3. Kinyama kinachukuliwa vibaya, kinahifadhiwa vibaya, kinasafirishwa kama mzigo wa mtu

Hapa tutakaa kwa muda, maana ndipo fedha kidogo kabisa zingeokoa watu wengi.

Kuhusu sindano. Kufyonza mtoki kwa sindano ya geji 22 au 23 ni kazi ya dakika tano, na ifanyike siku ya kwanza. Tone linalopatikana liende sehemu mbili: GeneXpert, na slaidi mbili zilizokaushwa kwa hewa. Lakini sindano ina mpaka wake. Inaweza kuthibitisha TB. Haiwezi kuainisha limfoma kwa uhakika, kwa sababu mpangilio wa chembe ndani ya tezi unavurugika. Jibu la sindano likisema "chembe zilizochochewa tu" huku mgonjwa anakonda, hilo si jibu la kumrudisha nyumbani.

Kuhusu kisu. Mtoki utolewe mzima na ganda lake inapowezekana. Kama kuna mitoki mingi, uchaguliwe ule unaokua haraka kuliko wenzake. Wa juu ya mtulinga au wa shingoni ni bora kuliko wa kinenani, kwa kuwa mitoki ya kinenani huvimba kwa vidonda vya miguu na maambukizi ya kila namna na hutoa majibu yasiyo na maana. Ganzi ya kawaida inatosha: lignokaini ya asilimia 2 isiyo na adrenalini isizidi mililita 9 kwa mtu wa kilo 60. Tahadhari iko upande wa nyuma wa shingo, ambako mshipa wa fahamu unaoinua bega unapita karibu sana na ngozi. Ukikatwa, mtu anatoka na kidonda kilichopona na mkono usiopanda juu ya bega. Hii si kazi ya bingwa aliye Dar es Salaam. Daktari wa wilaya aliyefundishwa na kusimamiwa mara chache anaiweza, ilimradi asiubane mtoki kwa koleo, maana chembe za limfoma hupondeka upesi na chini ya hadubini hubaki michirizi ya zambarau isiyosomeka.

Mtoki ukishatoka, ukatwe katikati kwa wembe mpya kabla ya lolote. Uso uliokatwa uguswe kwenye slaidi safi mara mbili tatu, slaidi zikauke, zipakwe rangi ya Giemsa. Giemsa hamna haja ya kuiagiza; ipo kwenye kila maabara inayosoma malaria. Chembe za Burkitt zenye vitundu vyeupe kwenye utegili (ute wa ndani ya chembe) wake wa buluu zinaweza kumshtua msomaji mzuri wa slaidi siku hiyo hiyo, na kwa Burkitt siku ina thamani. Kipande kidogo kiwekwe kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi kwa ajili ya GeneXpert. Kilichobaki, ambacho ndicho kikubwa, kiingie kwenye fomalini.

Na fomalini yenyewe ndiyo fedheha yetu. Inayotakiwa ni fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa: sehemu 1 ya fomaldehidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40) kwa sehemu 9 za maji, na katika kila lita 1 gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti. Kiasi chake kiwe angalau mara 10 ya nyama. Vituoni tunakutana na haya: nyama kwenye spiriti, nyama kwenye maji ya chumvi mpaka kesho yake, ikiwa imeanza kuoza, fomaldehidi isiyochanganywa, ambayo hugandisha ganda la nje huku ndani kukiharibika, mtoki mzima usiokatwa, ambao fomalini inaingia ndani yake polepole, takribani milimita moja kwa saa, na katikati hakufiki kwa wakati. Kisha kuna chupa za dawa zenye shingo nyembamba. Nyama inaingia ikiwa laini, inakomaa ndani, na maabara inalazimika kuivunja chupa. Kopo la mdomo mpana ni bei ya soda.

Muda nao una mipaka. Nyama ikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na saa 72. Ikikaa wiki mbili kwenye dirisha la maabara ikisubiri "gari la kwenda Mwanza", vialama vya chembe ambavyo vipimo vya kupaka rangi maalumu huvitafuta vinafifia. Kama usafiri hautapatikana ndani ya siku 3, nyama ihamishiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70 baada ya siku ya kwanza au ya pili. Jambo hilo moja lingefundishwa kwa dakika kumi. Nyama haihitaji barafu, wala isigandishwe.

Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Na liandikwe kwa penseli, kwa sababu fomalini inaosha wino wa kalamu. Fomu itaje mtoki ulitoka wapi, umekua kwa muda gani, CD4 ya karibuni, ARV anazotumia, kama yuko kwenye dawa za TB na tangu lini, na kama amewahi kupewa prednisoloni. Kuna wanaoficha hali ya VVU kwenye fomu wakidhani wanamsitiri mgonjwa. Wanamficha kwa mtu pekee ambaye angeitumia taarifa hiyo kumsaidia: limfoma nyingine, kama ile ya kinywani iitwayo plazmablastiki, hukosa alama ya CD20, inayotambulisha chembe B, na asiyejua kwamba mgonjwa ana VVU anaweza kuipita akidhani ni saratani ya aina nyingine kabisa. Ficheni jina, tumieni namba ya CTC. Hali yake iandikwe.

Baada ya yote hayo, kopo linakabidhiwa kwa ndugu wa mgonjwa akalipeleke kwa basi, kwa nauli yake. Sampuli za wingi wa VVU na makohozi zina pikipiki, zina daftari, zina anayeuliza zimefika lini. Kinyama hakina. Kopo lililofungwa vizuri, likazungushiwa plasta kwenye kifuniko na kuwekwa ndani ya mfuko wenye pamba ya kunyonya, lingeweza kupanda pikipiki ile ile na kusainiwa kwenye daftari lile lile. Kwa nini halipandi, hatujawahi kujibiwa.

4. Jibu likirudi, ni nusu ya jibu, na rufaa ni karatasi tupu

"Limfoma" peke yake haitoshi kumtibu mtu. Kuna ya chembe B kubwa zilizosambaa, kuna Burkitt, kuna Hodgkin, na kila moja ina dawa zake. Kiwango cha chini ni kujua CD20, CD3 na Ki-67: ya kwanza inasema kama ni chembe B na kama dawa ya rituksimabu ina kazi, ya pili inatenga chembe T, ya tatu inaonyesha kasi. Burkitt hukaribia asilimia 100 kwenye Ki-67. Huyo hasubiri miadi ya mwezi ujao. Uvimbe wake huweza kujizidisha maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Barua za rufaa tunazoziona zina mistari mitatu. Tunataka ziwe na urefu na uzito (dozi za kemo, yaani dawa za kuua saratani, hukokotolewa kwa eneo la mwili, na bila urefu hakuna hesabu), picha nzima ya damu, kreatinini (kipimo cha figo), vipimo vya ini, LDH (kimeng'enya cha damuni), homa ya ini ya B, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya tumbo. Kipimo cha homa ya ini ya B si pambo: rituksimabu inaweza kuviamsha virusi vilivyolala na kuua ini. Kwa bahati njema TLD ina tenofoviri na lamivudini, ambazo huvizuia virusi hivyo pia. Kwa hiyo mtu asithubutu kuisimamisha.

Na hapa kuna kosa tunalolikuta mara kwa mara: mgonjwa anaambiwa aache ARV ili "mwili upumzike" wakati wa kemo. ARV haziachwi. Kinachoangaliwa ni mchanganyiko wake. Zidovudini inadhoofisha uboho kama inavyofanya kemo, hivyo ibadilishwe. Atazanaviri au lopinaviri zenye ritonaviri huzuia vinkristini kuvunjwa na ini, na mgonjwa anapata ganzi ya miguu na choo kufunga hadi utumbo kusimama. Dolutegraviri haina kosa hilo, ila hupandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia. Mtu asikimbilie kupunguza dozi ya kemo kwa ajili hiyo. Kotrimoksazoli ya miligramu 960 iendelee kila siku.

5. Mgonjwa akirudi nyumbani katikati ya kemo, hana wa kumpokea

Mchanganyiko wa CHOP ni siklofosfamaidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni. Hutolewa kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara 6, yaani miezi minne na zaidi. Vituo vya saratani vilivyo na kazi hii viko mbali, kama Mwanza na Dar es Salaam. Anayetoka Kakonko anapanda basi. Anayetoka Kagunga au Kalya anaanza na boti ziwani. Mkimbizi wa Nyarugusu anaanza na kibali cha kutoka kambini. Wachache wana ndugu wa kuwapokea mjini miezi minne. Wengi hurudi kati ya dozi na dozi.

Chembe za kulinda mwili hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Ndizo siku ambazo mgonjwa yuko kijijini. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura ya saa moja. Kinachotokea zahanati: anapimwa malaria, na kwa kuwa hapa Kigoma kipimo cha malaria hukuta mengi, anapewa mseto na kuambiwa arudi baada ya siku tatu. Malaria chanya haiondoi uwezekano kwamba bakteria wako kwenye damu ya mtu asiye na neutrofili, yaani chembe hizo za kulinda mwili. Atibiwe yote mawili. Dozi ya kwanza ya antibiotiki ya sindano itolewe kabla ya kupanda gari, kwa mfano seftriaksoni gramu 2 pamoja na jentamaisini kwa kipimo cha uzito figo zikiruhusu, na picha nzima ya damu ifuate. Hospitalini aendelezwe kwa dawa alizoelekeza daktari wake wa saratani.

Na uvimbe mkubwa unapoanza kuyeyuka kwa kasi, potasiamu na asidi ya yuriki hujaa damuni na figo hugoma. Alopurinoli ya miligramu 300 kwa siku na maji mengi ya mshipa, yaanze kabla ya kemo. Alopurinoli ni kidonge cha bei rahisi. Inaisha stoo, na hakuna anayeiagiza kwa kuwa "ni ya gauti".

6. Gharama

Dawa za TB ni bure, ARV ni bure. Kinyama, nauli yake, kupaka rangi maalumu na nauli ya mgonjwa si bure. Mtu akipewa kuchagua kati ya matibabu yasiyo yake ambayo ni bure na kipimo chake ambacho ni cha kulipia, tunajua atachagua nini, na daktari wake anajua pia.

Majibu tunayoyatarajia

"Wagonjwa ni wachache." Asiyechukuliwa kinyama hahesabiwi. Rejista ya TB ina safu ya "amefariki akiwa kwenye dawa" na ya "hakupona". Fungueni safu hizo mbili, mtenge waliokuwa na VVU na TB ya tezi isiyothibitishwa na maabara, ndipo tuzungumze uchache.

"Mkoa hauna wataalamu wa patholojia wa kutosha." Hatuombi mtaalamu kila wilaya. Tunaomba nyama ifike kwake ikiwa inasomeka.

"Fedha za wafadhili zimepungua." Zimepungua tangu 2025, na kliniki tunazihisi. Lakini kopo, penseli, fosfeti na daftari havikuwahi kuwa kwenye bajeti ya mfadhili yeyote. Na miezi 6 ya dawa za TB kwa mtu asiye na TB nayo ni fedha.

"Wagonjwa wenyewe huchelewa, wanaanzia kwa waganga wa kienyeji." Wapo. Sisi tunalalamikia muda unaoanza kuhesabiwa siku mgonjwa alipopokelewa na kufunguliwa faili.

"Mwenye VVU akipata limfoma haponi." Hili ndilo linalotuudhi, kwa sababu linasemwa kwa sauti ya huruma. Rituksimabu iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Majirani zetu wa Malawi waliwapa wagonjwa wa limfoma ya chembe B kubwa, wengi wao wakiwa na VVU, CHOP pamoja na rituksimabu katika hospitali ya umma mjini Lilongwe, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha zaidi ya nusu wakiwa hai baada ya miaka miwili. Lilongwe si Ulaya.

Tunachoomba

(a) Waraka wa ukurasa mmoja kwa kila CTC na kila kliniki ya TB: mtoki wa sentimita 2 au zaidi kwa mwenye VVU ufyonzwe kwa sindano siku ya kwanza, TB isipothibitishwa, kinyama ndani ya siku 14, dawa za TB zikiwa zimeanza au hazijaanza, aliye kwenye dawa apimwe mtoki na uzito wiki ya 4, na kama hali inazorota achukuliwe kinyama bila mjadala. Na hakuna prednisoloni kabla ya nyama.

(b) Hospitali ya kila halmashauri iwe na angalau watumishi wawili wanaoweza kutoa mtoki, na siku moja ya wiki inayojulikana kwa kazi hiyo.

(c) Fomalini iliyotulizwa itengenezwe sehemu moja mkoani, igawiwe kwenye makopo ya mdomo mpana ya mililita 100 hadi 250, yenye tarehe.

(d) Vinyama viingizwe kwenye usafirishaji wa sampuli za VVU na TB, vikiwa na daftari la kufuatilia. Jibu lifike kituoni ndani ya siku 14 tangu kopo lilipoondoka, na awepo mtu mmoja mwenye simu ambaye kazi yake ni kulidai.

(e) Makubaliano ya maandishi na kituo cha saratani kinachopokea wagonjwa wetu: namba ya simu ya kuitwa kwa Burkitt inayoshukiwa, orodha ya vipimo vya kutangulia, na uwezekano wa dozi za katikati kutolewa hapa Kigoma chini ya maelekezo yao. Hili la mwisho tunajua haliji kesho. Vinkristini na doksorubisini zikivuja nje ya mshipa huozesha nyama ya mkono, na hatutaki zitolewe na mtu asiyefundishwa.

(f) Kadi ya homa kwa kila anayepata kemo: tarehe ya dripu, siku za hatari, antibiotiki ya kuanzia, simu ya kupiga. Zahanati ya karibu naye ipewe taarifa kabla hajafika.

(g) Msamaha wa gharama za kinyama na nauli ya rufaa kwa WAVIU wanaoshukiwa limfoma, kutoka mapato ya halmashauri, hadi bima itakapowafikia.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakionyesha kwa kila ombi cheo cha mtu atakayelisimamia, tarehe ya kuanza na fungu la bajeti. Ombi mnaloona haliwezekani, andikeni kwamba haliwezekani na sababu yake. Tuko tayari kukaa nanyi kulirekebisha. Majibu hayo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila CTC ya mkoa, mahali ambapo wagonjwa hukaa wakisubiri dawa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi, matabibu, watumishi wa maabara na wahudumu rika wa kliniki za tiba na matunzo,
Kigoma